Ufunguo Kwenye Msumari

"Mtu amekufa, dada Candida! Amekufa! Unataka kumrudishia mafaili marehemu?"

"Punguza sauti, Kasmir. Nilikuwapo mazishini. Nililia kuliko wewe."

"Sasa ukiirudisha hiyo tepu, mashine nzima itasema mwenye mafaili ni Mzee Severine. Kesho nikitaka kubadilisha kitu nikapige hodi wapi, makaburini?"

"Hata mimi hapo sikubaliani," alidakia Ndugu Pantaleo, mwenyekiti wa kamati ya wafanyakazi, aliyesimama mbele ya mlango kama mtu anayezuia kuku wasitoke. "Siyo Severine, siyo Kasmir, siyo wewe Mama Ignasi. Mafaili ni mali ya umma. Tulishapitisha kwenye kikao."

"Mlipitisha," Candida alisema, "na mlichopitisha kimezaa hiki hapa."

Akaitupa mezani karatasi ndefu yenye vitobo pembeni. Ikajikunjua yenyewe, ikateremka mpaka sakafuni, ikasimama kwenye kiatu cha mwenyekiti.

Ilikuwa siku yake ya kwanza kazini baada ya likizo ya uzazi. Alikuwa amemwacha Selina, mtoto aliyemfuata Ignasi, kwa mdogo wake Winifrida, nyumbani Kariakoo, akaja kwa miguu hadi Mchafukoge akiwa na hamu ya mambo matatu: baridi ya chumba cha kompyuta, chai ya saa nne na umbea wa Zamda. Hakupata hata kimoja. Kabla hajavua mtandio alikuta orodha ya mgao wa mwezi imeshachapwa, imewekwa tayari kwenda ghalani, na malori yanapakia mchana uleule. Akaipitia kwa jicho la haraka, kama mtu anayechambua mchele. Akaona wadudu.

Wenye umri wao wanaukumbuka mwaka ule. Sabuni ya mche ilikuwa inakatwa kwa uzi ili ipatikane kwa wengi. Sukari ilikuwa ya kuulizia kwa kunong'ona. Khanga ikifika duka la ushirika, habari zilitembea mtaa mzima kabla lori halijazima moto, na foleni ilipangwa kwa mawe na ndala, maana wenyewe walikuwa wamekwenda kupika. Lakini, na hili watu wanalisahau, jiwe lako ulilikuta palepale ulipoliacha. Hakuna aliyelisogeza. Tulikuwa hatuna kitu, ila tulikuwa na foleni.

Shirika walilokuwa wakifanyia kazi ndilo lililogawa bidhaa hizo kwa maduka ya jiji. Na katika jiji lililokuwa na kompyuta za kuhesabika, wao walikuwa nayo moja, kubwa kama makabati matatu ya nguo yaliyosimamishwa bega kwa bega, yenye skrini nne zilizotawanywa ofisini kwa nyaya. Mzee Severine ndiye aliyeipokea, akailea, akaiandikia programu ya mgao. Programu yenyewe ilikuwa ya maneno machache: chukua kilichopo ghalani, gawa kwa vichwa vya watu wa kila duka, basi. Hakukuwa na mstari wa mkubwa wala mstari wa shemeji.

Alikufa kwa shinikizo la damu mwanzoni mwa mwaka, Candida akiwa mjamzito.

"Soma hapo," alimwambia Pantaleo. "Duka la Gerezani. Watu wangapi?"

Mwenyekiti akainama. "Hakuna."

"Gerezani hakuna watu?"

"Wapo. Mimi mwenyewe nina fundi wangu wa viatu pale."

"Mashine inasema hawapo. Haya, Magomeni?"

Pantaleo alisoma, akasoma tena. "Hawa wamezidi."

"Wamezidi mno. Nusu ya nchi imehamia Magomeni. Na ukijumlisha sabuni yote iliyoahidiwa kwenye karatasi hii, ghala halina hata theluthi yake; kuna aliyejaza hata faili la ghala. Lori litashusha Kariakoo, litashusha Magomeni, litashusha Temeke, likifika mbele litakuwa tupu. Na wanawake wa Gerezani watapanga mawe yao kusubiri upepo."

"Nani kafanya hivi?" mwenyekiti aling'aka. "Nitajieni jina! Huyu ni mhujumu!"

"Hakuna jina," alisema Kasmir kwa uchovu. "Kila faili sasa mwenyewe anaitwa UMMA. Ukiuliza nani kagusa, mashine inajibu umma."

Kasmir alikuwa kijana wa Masasi, mrefu, mwenye kujua kazi yake na kutaka ijulikane kwamba anaijua. Baada ya msiba, ndiye aliyebaki na ufunguo wa mashine. Ulikuwa ufunguo wa kweli, wa chuma, mfupi kama wa kabati. Mashine ile ilikuwa na tundu mbele, na bila kuugeuza ufunguo ule hukuweza kumbadilisha mwenye faili wala kugusa programu zenyewe. Kasmir aliufunga kwenye mnyororo, akautia mfukoni. Akatembea nao, akala nao, akalala nao.

Wiki chache baadaye, kwenye kikao cha wafanyakazi, Pantaleo alisimama akauliza inakuwaje katika nchi ya wakulima na wafanyakazi mtu mmoja atembee na mafaili ya wananchi katika suruali yake. Ukumbi ulipiga makofi. Ikaamuliwa mafaili yote yafunguliwe kwa wote. Na Kasmir, siku hiyohiyo, akageuza ufunguo na kuandika amri moja tu: kila faili liwe la UMMA, kila mtu asome, kila mtu aandike, kila mtu aendeshe. Hakubakiza hata la kuwashia mashine.

"Lakini kwa nini ulikubali kirahisi hivyo?" Candida alimgeukia. "Wewe unajua kazi hii. Mwenyekiti hajui, nisamehe Ndugu Mwenyekiti, lakini wewe unajua."

Kasmir alikuna shingo. "Dada, wewe hukuwepo. Tangu niwe na ule ufunguo, watu walikuwa wanakuja mpaka kwangu. Mwenye nyumba wangu anataka duka la mtaa wao liongezewe. Baba wa mchumba wangu anataka. Kinyozi ananishika kichwa na wembe upo shingoni, ananiuliza mgao. Nikisema siwezi, wanasema unaringa, ufunguo si unao? Nilichoka. Nikasema basi, wagombane na umma."

Candida alitaka kucheka, akajizuia. Maziwa yalikuwa yameanza kumjaa kifuani. Ilikuwa dalili kwamba Selina ameamka, na kwamba muda haumsubiri mtu.

Mlango ulifunguka nyuma ya mwenyekiti, ukamsukuma. Alikuwa Zamda, wa chumba cha wachapaji, mwanamke mnene mwenye kicheko kilichosikika hadi barabarani.

"Mwenyekiti, jipunguze tupite. Shoga yangu! Hongera kwa kutoka salama! Mtoto kafanana na nani?"

"Na baba yake, masikio yote mawili."

"Pole! Atakua nayo. Sasa mbona mmekunja nyuso? Nimekuja kupata baridi kidogo, kule tunaiva."

Hiyo ilikuwa desturi. Chumba cha kompyuta ndicho pekee chenye kiyoyozi, na enzi za Mzee Severine kila mtu wa ghorofa ile alikuwa na ruhusa ya kuingia kupoa, mradi asishike kitu. Watu waliingia na kanzu zao, na kazi zao za kushona. Siku za Ramadhani walisimama ukutani kimya kama wako msikitini. Mzee aliwaambia, "Tazameni mpendavyo. Kutazama hakuchakazi."

"Zamda," Candida alimwita taratibu, "mtaa wetu una watoto wachanga mia mbili?"

Zamda akaachia kicheko, kisha akaiona ile karatasi, kicheko kikakatika. "Ah. Hiyo."

"Uliandika wewe?"

"Nimeandika kwa ajili yako, shoga! Mwanamke katoka kujifungua, nepi atafulia mchanga? Nikasema nikiandika mtoto mmoja sabuni haitatosha, foleni yenu ndefu. Nikajaza jaza. Skrini ipo pale, haikatai. Kila mtu alikuwa anaandika kwao, mimi kwetu nina nini? Nikakuandikia wewe."

"Na Gerezani ulifuta?"

"Sijafuta mtu! Mimi nimeongeza tu. Aliyefuta alitaka hesabu imlingane, mimi simjui. Gerezani hatuna mtu humu ofisini."

Basi ndiyo hivyo. Hakukuwa na mhujumu wala mwizi. Kulikuwa na watu wema, kila mmoja akiwatendea wema watu wake, mpaka mtaa usiokuwa na mtu ofisini ukafutika. Candida alimtazama rafiki yake, akahisi joto la upendo na hasira kwa pamoja, kama mtu aliyeletewa zawadi ya kuku wa jirani.

Na sabuni aliitaka. Tusidanganyane. Nyumbani ndoo ya nepi ilikuwa imejaa tangu alfajiri, na kipande kilichobaki kilikuwa chembamba kama kucha. Karatasi ile ikienda ghalani kama ilivyo, Kariakoo itapata, kwa kuwa iko karibu na lori linaanza huko. Itakayokosa ni Gerezani, pale ng'ambo tu ya barabara, penye karakana na mafundi wenye mafuta mpaka kwenye viwiko, na wake wanaofua hayo mafuta.

"Narudisha tepu," alisema. "Ya mwisho aliyoinakili Mzee mwenyewe. Ina programu yake, ina vichwa vya watu kama mabalozi wa nyumba kumi walivyoviandika, na kila faili lina mwenyewe na ruhusa zake. Kila kitu kirudi kilipokuwa."

"Weka jina langu, basi," alisema Kasmir. "Mimi ndiye niliyepo."

"Wewe una kinyozi."

"Weka lako!"

"Mimi nina Zamda."

Zamda akaziba mdomo kwa kiganja. Lakini Pantaleo hakucheka. Alikuwa mtu wa Rombo, na alipokuwa na hasira ya kweli alishusha sauti badala ya kuipandisha.

"Mama Ignasi, nisikilize. Baba yangu alifanya kazi shamba la mzungu. Bomba la maji lilikuwa na kufuli. Msimamizi alikuwa na ufunguo kiunoni. Mama yangu alisubiri na ndoo mpaka yule bwana aamke usingizi wa mchana. Nimekua nikiuchukia ule mlio wa funguo. Nilipomwona huyu kijana anapita na mnyororo wake unalia, cheng, cheng, mimi nilisikia shamba. Uhuru wetu sisi ni nini kama bado kuna mtu kiunoni pake kuna bomba letu?"

Candida hakuwa mwepesi wa kuguswa, lakini aliguswa. Alivuta kiti akakaa, kwa mara ya kwanza tangu afike.

"Nyumba ninayopanga ina vyumba sita," alisema. "Uani kuna kamba moja ya nguo. Wote tunaanika. Khanga yangu kila mtu anaiona, anajua ni mpya au imepauka. Akitaka kuisoma jina, aisome. Lakini hawezi kuikata akatengeneza mto. Siyo kwamba nimeifungia. Imeanikwa peupe. Ila ina mwenyewe. Wewe kwenu mna kamba?"

"Tunayo."

"Basi mafaili ya Mzee yalikuwa kwenye kamba. Kusoma, wote. Wewe, Zamda, mfagiaji, mkurugenzi. Kuandika, mwenyewe tu. Hukuwahi kukatazwa kusoma, Ndugu Mwenyekiti. Uliwahi kukatazwa?"

Pantaleo alifikiri. "Hapana. Sikuwahi kujaribu. Niliuona ufunguo tu."

"Na sasa mwenyewe awe marehemu?" Kasmir alisema, lakini sauti yake ilikuwa imeshapungua makali. "Marehemu atamilikije?"

"Vizuri kuliko sisi. Marehemu hana shemeji Magomeni."

Hapo hata Pantaleo alishindwa. Mabega yalimtikisika, akageuza uso kuangalia dirishani. Candida akanyoosha mkono. Hakuomba, aliunyoosha tu, kama anavyowafanyia watoto wake wakiwa na kitu mdomoni. Kasmir akautazama mkono huo kitambo. Kisha akafungua mnyororo kiunoni, akautoa ufunguo, akauweka kiganjani kwake, na pumzi aliyoshusha ilikuwa ya mtu aliyetua gunia.

Candida aliugeuza. Kasmir mwenyewe ndiye aliyeipandisha tepu kwenye gurudumu lake, maana mikono yake ilikuwa mizuri kwa kazi hiyo, na hakuna aliyemwambia. Gurudumu likaanza kuzunguka, likisita na kwenda, likisita na kwenda, na kwenye skrini majina yakaanza kupanda moja baada ya jingine. Palipokuwa na UMMA, UMMA, UMMA, sasa pakatokea watu. Faili la magari: Klara, aliyehamishiwa Dodoma na kuondoka na mito ya kiti cha ofisi. Faili la maduka mapya: Candida. Faili la mgao, la vichwa, la ghala: Severine, Severine, Severine.

Alikuja tena chumbani, ndivyo Candida alivyoona. Mzee mfupi mwenye shati la kaunda lililopigwa pasi hata mfuko, akinuka upepo wa bahari kwa sababu aliishi Kigamboni na alivuka kwa pantoni kila asubuhi. Alikuwa akiingia anasema, "Mashine imeamkaje?" kabla hajauliza binadamu wameamkaje. Zamda alikuwa amekuja kusimama karibu, wanasoma pamoja, bega kwa bega.

"Lione jina lake," Zamda alinong'ona. "Mzee wa watu."

"Mtaa wetu umepungua," Candida alisema, akiangalia vichwa. "Mpaka Selina katoka. Tepu ni ya kabla hajazaliwa."

"Sasa hata mmoja usimwandike? Mmoja tu, wa haki!"

"Balozi atamwandika, ataleta fomu, ataingia mwezi ujao kama watoto wa wenzake. Kwa mwezi huu mwanangu hayupo."

"Na nepi?"

"Nitafua kwa majani ya mpapai kama mama yangu. Yanatoa povu vizuri tu."

Akaweka ruhusa za mwisho, akahakikisha kila skrini inasoma na hakuna inayoandika, akachapa mgao upya. Karatasi ikatoka ikilalamika. Gerezani ilikuwapo, na watu wake wote, na sabuni yao isiyotosha, isiyotosha sawa na ya wengine. Pantaleo aliikata kwa mkono wake, akaikunja. Alikuwa tayari kuipeleka ghalani mwenyewe.

"Bado kitu kimoja," alisema mlangoni. "Ufunguo. Umeutoa kiunoni kwa Kasmir, umeuweka wapi? Kwenye sidiria?"

"Pale hapana nafasi leo," Candida alijibu, na Zamda akaangua kicheko chake cha barabarani.

Lakini swali lilikuwa la haki. Candida aliuangalia ufunguo kiganjani. Mkurugenzi angependa awe nao yeye. Kasmir, akishapumzika, angeutaka tena. Na yeye mwenyewe, kwa nini asiwe nao? Ameajiriwa kabla ya Kasmir, amesoma chuo, ana akili timamu. Angeuweka kwenye pochi. Kesho Zamda angekuja na maneno matamu, keshokutwa mama mkwe, na siku moja, ndoo ya nepi ikiwa imejaa na mtoto anaharisha, angejisikia anaugeuza.

"Mzee aliuweka wapi?" aliuliza ghafla.

"Mfukoni," alisema Kasmir. "Nilipewa na vitu vyake."

"Hiyo ni siku aliyoanguka, alikuwa ametoka kuutumia. Siku zote. Aliuweka wapi siku zote?"

Zamda ndiye aliyekumbuka kwanza. "Kwenye meza ya chai! Kwenye msumari!"

Kweli. Kwenye korido, juu ya meza ya chai, ambapo ghorofa nzima ilikusanyika saa nne. Mzee Severine aliutundika pale kwa sababu ya pantoni. Pantoni ikichelewa, au ikigoma katikati ya maji, kazi isimsubiri. Mtu yeyote aliruhusiwa kuuchukua. Ila anayeuchukua alitakiwa aseme kwa sauti anaenda kufanya nini, na waliopo wamjibu. "Nachukua ufunguo! Naongeza duka la Buguruni!" Na vikombe vikatulia, na mtu akauliza, "Limefunguliwa lini?" Akijibu vizuri wakasema, "Chukua," na akimaliza kazi, "Rudisha." Mtu mmoja wa uhasibu aliwahi kuuchukua kimyakimya, akarudi akakuta watu wote wamesimama na vikombe vyao wanamngojea, hakuna anayekunywa. Hakurudia.

"Mimi nimehamia ghorofa hii baada ya msiba," Pantaleo alisema polepole. "Sikuuona huo msumari."

"Njoo uuone."

Wakatoka wote wanne. Joto la korido liliwapiga usoni. Juu ya meza, msumari ulikuwapo, lakini ulikuwa umebeba kalenda ya shirika, yenye picha ya trekta. Candida akaitoa kalenda, akampa mwenyekiti aishike pamoja na mgao wake. Watu walianza kuchungulia kutoka vyumbani. Saa nne ilikuwa imeshapita lakini birika halikuwa limeondolewa.

"Nimeutumia ufunguo!" Candida alisema kwa sauti ya sokoni. "Nimerudisha tepu ya Mzee. Kila faili lina mwenyewe, kila mtu anasoma. Na mgao umechapwa upya, vichwa vya kweli!"

Mtu wa uhasibu alishusha kikombe chake. Kisha sauti ya mfanyakazi mmoja wa zamani, kutoka mwisho wa korido, ikauliza kama ilivyokuwa ikiuliza:

"Kwa nini?"

"Kwa sababu Gerezani walikuwa hawapo."

Walitazamana. Wa Magomeni akamtazama wa Temeke, wa Temeke akatazama viatu.

"Rudisha," ile sauti ikasema. Wengine wakafuata, kwanza wawili, halafu korido nzima, Kasmir naye, na Pantaleo, ambaye hakuijua desturi lakini aliijua sauti ya kikao. "Rudisha!"

Candida akautundika ufunguo kwenye msumari, akauangalia ukiyumba mpaka ukatulia. Kisha akajifunga mtandio vizuri kifuani, akashuka ngazi kwenda kumnyonyesha mtoto.